Nyekundu Niliyoikataa

Machi 4

Mvua imeanza leo na daftari hili limeanza nayo. Kanipa Dada. Lilikuwa la vipimo vya wateja wake. Kurasa tatu za mwanzo zimejaa viuno na mabega ya watu nisiowajua. "Manung'uniko yako yaandike humo," kaniambia, "masikio yangu yamechoka." Haya, naandika.

Mimi ni mpishi wa jeli. Kwenye karatasi za kazi wameniandika fundi sanifu wa maabara, lakini kazi yenyewe ni upishi. Jeli yangu ikiwa baridi ni majimaji. Ikipata joto la mwili inaganda. Ndani yake kuna chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida haizioni. Daktari anaidunga kwenye uvimbe wa saratani, inaganda palepale, haitembei. Kisha anapenyeza uzi wa kioo mwembamba, anawasha leza, chembe zinapata moto, na uvimbe unaungua kutoka ndani huku nyama ya jirani ikibaki salama. Tumewafanyia sungura miaka minne. Sasa ruhusa ya kuwafanyia watu imetoka, na wa kwanza kwenye orodha ni Dada.

Nilipoandika hilo la mwisho nilinyanyuka nikanywa maji kwanza.

Machi 5

Niliweke wazi, maana daftari halijui. Uvimbe wa Dada uko shingoni, chini ya taya la kushoto. Walishaukata mara moja, wakampiga mionzi, ukarudi. Daktari wa upasuaji kasema shingo hiyo haikatiki tena wala haipigwi mionzi tena. Imebaki jeli.

Masharti ni mawili: uvimbe usizidi sentimita tatu, na uwe mbali na mshipa mkubwa wa damu angalau sentimita moja, joto lisije likautoboa. Wa Dada ni sentimita mbili na nukta tatu. Anaingia, tena na nafasi inabaki.

Profesa, mkuu wetu wa maabara, aliniita ofisini. "Faili lake huligusi. Chumba cha matibabu huingii. Wewe ni jeli tu."

"Na jeli haitoki bila saini yangu," nikamwambia.

"Hiyo ni kwa kila mgonjwa. Usinipandishie mabega."

Machi 7

Paa linavuja juu ya meza yangu, pale penye kioo cha kuingizia mwanga. Fundi kapanda, kakifunika kioo chote kwa turubai la bluu, kalifunga kwa kamba kama mzigo wa sokoni. Atarudi mvua ikikata. Angalau beseni lililokuwa likikinga matone limerudi bafuni.

Machi 9

Nimeanza kupika bechi ya kumi na moja, ndivyo tunavyouita kila mpiko. Siku mbili za jikoni, siku sita za kusubiri kuona kama kuna vijidudu vitaota, kisha nasaini au nakataa.

Kusaini kwangu ni kwa rangi. Dhahabu ikiwa katika chembe ndogo haiwi ya njano, inakuwa nyekundu ya komamanga. Chembe zikianza kushikana, nyekundu inaelekea zambarau, na jeli ya namna hiyo haifai: pengine itaunguza, pengine itaacha baridi, na saratani haihitaji zaidi ya kakona kamoja ka baridi ili irudi. Mhandisi, mwenzangu wa chumba kimoja, anaipima kwa mashine yake ya mwanga. Mimi naishika juu ya kadi nyeupe, natazama.

Hapa kazini wananiita Jicho. Miaka mitatu iliyopita mashine ilisema bechi ni safi, mimi nikasema hapana, wakacheka. Siku iliyofuata ilikuwa imeshikana yote, na sungura ishirini wakaponea kwenye jicho langu. Tangu hapo hakuna anayecheka. Zamani tulikuwa na chupa ya mfano ya kulinganishia. Ilivunjika mwaka jana, sikutengeneza nyingine. Ya nini? Rangi ninayo kichwani.

Machi 12

Mvua.

Machi 13

Mvua. Kifungo cha koti langu jeupe kimekatika, cha kifuani. Dada kasema nilete. Nitapeleka.

Machi 17

Nimeikataa.

Niliishika juu ya kadi, chini ya kioo cha paa, mahali nilipoangalizia miaka yote. Zambarau. Si nyingi. Kaukungu tu, lakini kapo.

"Mashine inasema ni safi," Mhandisi akaniambia. Ni mtu mpole, anaongea kana kwamba kila mtu amelala.

"Mashine ilisema hivyo hata kwa sungura."

"Ile ilikuwa haijasafishwa. Hii nimeisafisha jana."

"Na jicho langu nalisafisha kila asubuhi."

Akainua mikono. Nikaandika IMEKATALIWA, nikaweka chupa moja ya akiba kwenye friji kama sheria inavyotaka, nyingine zikaenda kumwagwa. Haraka haraka haina baraka. Siku nane zaidi si kitu.

Machi 20

Nimepita kwa Dada. Kibanda chake kina cherehani moja na ukuta mzima wa mabunda ya uzi, yamepangwa rangi kwa rangi. Mteja alileta kipande cha kitambaa anataka uzi wa kufanana nacho. Dada alikichukua, akatoka nacho hadi barazani, mvua inamrukia miguuni, akakigeuzageuza, akarudi akavuta bunda moja bila kusita.

"Lini zamu yangu?" akaniuliza mteja alipoondoka.

"Karibuni. Kuna vipimo bado."

"Vipimo vipi?"

"Vya kitaalamu, Dada."

"Mh! Mchagua jembe si mkulima." Amekuwa akiniambia hivyo tangu nilipokuwa naosha sahani moja mara tatu na yeye anasubiri kupakua. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa na yeye kumi na tisa. Sare zangu zote za shule alizishona yeye, na mimi kila sare nilikuwa naigeuza ndani nje kutafuta mshono uliopinda. Hajanisamehe.

Sikumwambia kwamba bechi imekataliwa. Sheria hairuhusu, ndiyo. Lakini ukweli ni kwamba sikutaka anione nimeshindwa kupika. Koti nimelisahau.

Machi 22

Bechi ya kumi na mbili. Nimebadilisha maji.

Machi 30

Zambarau tena. Jamani!

Profesa alikuja mwenyewe, akavaa miwani, akaishika chupa. "Mimi naona nyekundu."

"Wewe unaona unachotaka kuona."

Sikupaswa kumjibu hivyo mkubwa wangu. Aliweka chupa mezani taratibu. "Jicho, saini ni yako, siwezi kukushika mkono. Lakini kumbuka kalenda nayo ina macho."

Nimekataa. Chupa ya akiba friji, nyingine kumwagwa.

Aprili 2

Dada kapimwa. Sentimita mbili na nukta saba. Kaniambia kwa simu, sauti yake ya kawaida, akamalizia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mdogo wangu." Nikamjibu kuwa wataalamu hawakimbizwi. Nikakata simu nikajiona mpumbavu.

Aprili 3

Bechi ya kumi na tatu. Nimebadilisha sabuni ya kuoshea vyombo, nimebadilisha chupa, nimebadilisha kopo la dhahabu, nimekoroga kwa mkono kwa kuwa nashuku kikorogeo. Mhandisi ananitazama kama anayemtazama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Aprili 6

Mvua. Chumba kizima kimepoa, hata sura za watu zinaonekana za wagonjwa. Mhandisi nimemwambia aende hospitali, ana rangi mbaya. Kasema hajambo.

Aprili 11

Nimekataa ya kumi na tatu, na leo tumegombana kweli.

Mhandisi alikuwa ameweka karatasi za vipimo vya bechi tatu mezani, moja juu ya nyingine. Mistari imelaliana, huwezi kusema ipi ni ipi. "Ni kitu kimoja," akasema. "Umekataa kitu kimoja mara tatu."

"Basi kimekosewa mara tatu."

"Nikuulize, na usinikasirikie. Angekuwa mgonjwa mwingine, ungesaini?"

Nilimwambia asinifundishe kazi. Nilimwambia alikuwa bado anajifunza kuwasha mashine wakati mimi napika. Nilisema mengine ambayo daftari halina haja nayo. Akachukua karatasi zake akatoka.

Sasa niko nyumbani, chai imepoa, na swali lake halijaondoka. Nitalijibu hapa pasipo mtu. Ndiyo. Angekuwa mgonjwa mwingine ningesema kaukungu kadogo, mashine imekubali, tuendelee. Kwa Dada siwezi. Nikiishika ile chupa naiona shingo yake. Nataka ing'ae. Nataka hata malaika akiikagua akose la kusema.

Aprili 12

Mhandisi hajanisalimia. Haki yake.

Aprili 13

Profesa kaamua: bechi ya kumi na nne itapelekwa pia maabara nyingine, na wakisema safi, nasaini au anatafuta mpishi mwingine. Nimeipika leo bila kubadilisha kitu. Nimechoka.

Aprili 21

Maabara nyingine wamesema safi. Wametumia hata neno "bora kabisa". Nimeiangalia chini ya kioo, bado kaukungu kapo. Nimesaini. Profesa kasema Dada aje kesho kutwa kwa kipimo cha mwisho, wiki ijayo tunamdunga.

Niliposaini sikufurahi. Niliogopa tu.

Aprili 23

Nilikuwa nje ya mlango wa altrasaundi. Ndani siruhusiwi, lakini korido ni ya watu wote.

Waliingia saa tatu. Saa tatu na nusu mpima picha akatoka kumwita Profesa. Profesa akaingia, akakaa sana. Nilihesabu vigae vya sakafu kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji ya kunywa: arobaini na mbili. Profesa alipotoka hakunikwepa, na hapo nikajua.

"Tatu na nukta mbili," akasema. "Lakini siyo hilo tu. Umeelekea ndani. Kutoka kwenye mshipa umebaki milimita nne."

"Sentimita tatu na nukta mbili ni tatu."

"Jicho."

"Sogeza leza. Punguza joto. Nitapika jeli yenye dhahabu pungufu, nitapika leo."

"Milimita nne. Ukiwasha moto hapo mshipa unapasuka na anafia mezani petu. Hiyo wewe mwenyewe unaijua, wewe ndiye uliyeandika mwongozo wa joto."

Ni kweli, niliandika mimi.

"Angekuja lini ndiyo ingewezekana?" nikamuuliza.

Akageuka aondoke. Nikamshika mkono wa koti, kitu ambacho sijafanya kwa bosi maishani mwangu. Akasema, "Picha ya tarehe mbili ilikuwa na sentimita moja na milimita mbili. Ile ilitosha."

Tarehe mbili. Bechi ya kumi na mbili niliimwaga tarehe thelathini Machi.

Dada alitoka anafunga kitambaa chake shingoni, kakifunga vizuri, ncha mbili sawasawa. Aliniona. "Mbona umekaa kama umefiwa?" akasema. "Twende, mvua imepungua." Tukatembea hadi kwake bila mwavuli. Njia nzima alizungumzia gauni la mteja mmoja, jinsi alivyoligombania lisiwe na mikono.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakusubiri hata mtoto azaliwe.

Aprili 24

Sikwenda kazini.

Aprili 26

Jumapili. Nilikwenda kwa Dada nikamwambia yote. Bechi tatu, zambarau, Mhandisi, karatasi zilizolaliana. Nilisema haraka, macho chini, kama mtoto aliyevunja kitu. Alikuwa anatunga sindano. Aliendelea kuitunga.

"Zambarau namna gani?" akauliza.

"Kaukungu tu. Juu ya nyekundu."

"Unaiangalizia wapi?"

"Mahali pangu palepale. Chini ya kioo cha paa."

Sindano ikasimama. "Si uliniambia paa linavuja, wameliziba?"

"Wameliziba. Wameweka turubai."

"La rangi gani?"

Nilifungua mdomo. Aliweka sindano chini na kuniangalia, na nikaona anaelewa sekunde ileile ninayoelewa mimi. Mtu ambaye kwa miaka thelathini hajachagua uzi bila kutoka nao nje.

"La bluu," nikasema.

Akageukia cherehani, akakanyaga pedali, akashona mshono mmoja mrefu hadi mwisho wa kitambaa, akaendelea kushona hata kitambaa kilipokwisha.

"Nenda nyumbani," akasema.

Aprili 27

Saa moja asubuhi, kabla ya wote, nilizitoa chupa za akiba kwenye friji, za kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu. Nikazibeba kwenye bakuli la barafu hadi uani. Mvua ilikuwa imeacha, anga nyeupe. Nikaziinua moja moja.

Komamanga. Zote tatu. Sijawahi kupika nyekundu safi kama ile ya kumi na moja, na niliipika siku uvimbe wa Dada ulipokuwa sentimita mbili na nukta tatu.

Niliketi kwenye ngazi, nikalia kwa sauti. Mhandisi alinikuta hapo. Aliziangalia chupa, akaangalia juu kwenye paa, akasema, "Loh." Kisha akakaa ngazi moja chini yangu. Nilimwomba radhi. Kasema yamekwisha, lakini kwangu hayajaisha hata kidogo.

Aprili 28

Nimemwambia Profesa. Nilitaka anifukuze. Kaniambia niandike ripoti, na turubai litolewe leo hii, mvua au jua.

Aprili 29

Dada hapokei simu.

Mei 1

Hapokei.

Mei 4

Nafasi ya kwanza imepewa wa pili kwenye orodha, dereva wa lori, uvimbe wa sentimita mbili. Jeli ni ile ya kumi na nne niliyoisaini kwa hofu. Imeingia, imeganda, leza dakika kumi na mbili. Kapita koridoni kwa miguu yake, anauliza kama anaruhusiwa kula. Watu wamenipongeza. Nilijifungia chumba cha friji mpaka waache.

Mei 7

Dada kapokea. "Nimekasirika," akasema. "Usinibembeleze, nimekasirika, acha nikasirike. Siyo kwa sababu ulikosea. Mimi nimeshakata nguo za watu kinyume. Ni kwa sababu hukuniuliza. Wiki sita unahangaika na rangi, dada yako kazi yake ni rangi, na hukuniuliza."

Nilisema, "Nilitaka iwe nzuri kwa ajili yako."

"Najua," akasema. "Hilo ndilo linaloniudhi." Akakata.

Mei 15

Mvua zimepungua. Dereva wa lori, picha mpya: uvimbe umekuwa kovu. Nimefurahi kwa ajili yake, naapa nimefurahi, na picha ile sikuweza kuitazama mara ya pili.

Mei 17

Dada kaniita. "Njoo na hiyo jeli niione. Na ulete lile koti."

Kutoa chupa ya akiba maabara ni kosa. Nilimwomba Profesa, akatazama dirishani akasema hajasikia nilichosema. Nikaipeleka ya kumi na moja kwenye barafu.

Dada amepungua. Kitambaa cha shingoni amekilegeza, sauti imekuwa nyembamba, anameza kwa tabu. Alikuwa amekaa barazani. Nikampa chupa.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo."

Aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza jinsi anavyogeuza vitambaa. "Nzuri," akasema. "Ni nzuri sana, mdogo wangu. Umepika." Kisha akaifumba kiganjani, akaegemea ukuta, macho kafumba. Watoto walipita wanaruka madimbwi. Alipofungua kiganja aliipindua chupa juu chini, na jeli haikusogea.

"Imeganda," akasema.

"Imeganda."

"Kumbe joto lake ninalo."

Nililia, naye hakunikataza. Alinyanyuka, akashika ukuta, akaenda kwenye mabunda yake ya uzi. Alirudi na moja, akaliweka kando ya chupa pale barazani. Rangi ileile. Ungesema vimetoka kwenye sufuria moja.

"Vua koti," akasema.

Alinishonea kifungo cha kifuani kwa uzi mwekundu kwenye koti jeupe, mshono mkubwa unaoonekana toka ng'ambo ya barabara. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini mshono haukupinda. Kwa mazoea nikaligeuza koti ndani nje kuukagua, nikajizuia. Akacheka, mara ya kwanza tangu Aprili, mpaka akakohoa.

"Basi mfano unao," akasema akikata uzi kwa meno. "Acha kuangalia kwa kichwa. Toka nje, weka chupa hapo kwenye kifungo. Ikifanana, saini. Siku hiyohiyo."

Mei 29

Jua. Bechi ya kumi na tano, ya mwanamke mmoja muuguzi, sentimita mbili na nusu, simjui. Nimeitoa uani, nimeiweka kwenye kifungo. Ni ileile. Nimesaini saa nne kasoro robo, wino haujakauka Mhandisi akaibeba.

Nilipita kwa Dada kumwambia. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na yeye amelala upande wa kulia, upande usiouma. Sikumwamsha. Nilikaa karibu naye na koti langu mwilini, nikamsubiri.